Mzee Aliyehama Safu ya Mbele: Tezi Dume, Haya na Twahara



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili ni la afya na la fiqhi kwa pamoja. Huenda mtu akauliza: sisi vijana wa miaka ishirini na kitu, ugonjwa wa wazee unatuhusu nini? Naomba nianze na babu yangu, kisha kila mmoja ataona unavyomhusu.

Babu alikuwa mtu wa Palma. Ujanani alikuwa mvuvi, uzeeni akawa mtu wa msikitini. Nafasi yake ilikuwa nyuma ya imamu, na imamu akisafiri yeye ndiye aliyeswalisha. Kiasi cha mwaka 2018 alianza kuamka usiku mara tatu, mara nne. Bibi alitusimulia kwa furaha kwamba mumewe amezidisha tahajudi. Kumbe mzee alikuwa anakwenda chooni. Baada ya muda akahama safu ya mbele, akawa anaswali mwisho karibu na mlango. Akaacha kuswalisha. Akaacha chai ya jioni, na maji akinywa kwa kuonja tu. Mwisho akaanza kuswali nyumbani. Sisi sote tulisema neno moja: uzee.

Mwezi Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, tulikimbia kama wengine, na safari yetu ya kwenda Pemba ilikuwa ya baharini. Ndani ya mashua mkojo ulimfunga babu kabisa. Tumbo lilivimba chini ya kitovu, akawa analia kimyakimya, naye ni mzee ambaye sikuwahi kumwona akilia. Tulipofika Pemba alitiwa mpira wa mkojo, akapata nafuu siku ileile. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Alifariki mwaka uliofuata. Allah amrehemu na amsamehe.

Katika siku zake za mwisho alimwambia baba kwa nini aliacha safu ya mbele. Mkojo ulikuwa ukimdondoka bila kujua, na aliikumbuka hadithi ya watu wawili wanaoadhibiwa kaburini, mmoja wao kwa sababu hakujihadhari na mkojo. Aliona haya kumwambia mtu, na aliamini kwamba swala yake haifai. Alibeba mambo hayo mawili peke yake kwa miaka mitatu. Somo hili linahusu mambo hayo mawili: haya iliyomzuia kwenda hospitali, na hukumu ya fiqhi ambayo hakuna aliyemfikishia.

TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni tezi aliyonayo mwanamume peke yake. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa, nayo ina ukubwa wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo hupita katikati yake, na hapo ndipo tabu inapoanza: tezi ikivimba hubana mrija, kama mtu anavyokanyaga bomba la maji.

Magonjwa yake makubwa ni matatu. La kwanza ni maambukizi, ambayo huja na homa na maumivu na huweza kumpata hata kijana. La pili ni kukua kwa tezi kwa sababu ya umri. Hii si saratani, na ni jambo la kawaida sana: wanaume wapatao nusu ya waliofika miaka 60 wanayo, na idadi huzidi kadiri umri unavyosonga. La tatu ni saratani yenyewe. Mwaka 2020, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, waligunduliwa duniani wagonjwa wapya wapatao milioni 1.4, na waliofariki walikuwa wapatao 375,000. Wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi, na vivyo hivyo yule ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume aliwahi kuupata. Kwa hiyo ugonjwa wa babu yangu ni habari inayomhusu baba yangu, na itanihusu mimi nikijaaliwa umri.

Dalili za kukua kwa tezi ni hizi: kuamka usiku mara nyingi kukojoa, kusubiri muda kabla mkojo haujaanza, mkojo kutoka kwa unyonge au kwa kukatikakatika, kuhisi kibofu hakijaisha, matone kudondoka baada ya kumaliza, na kushindwa kujizuia mpaka kufika chooni. Saratani nayo ina hila: mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Inapoleta maumivu ya mgongo au ya nyonga, mara nyingi huwa imeshatoka kwenye tezi na kufika kwenye mifupa. Ndiyo maana hatusemi tu kwamba mzee akiumwa aende hospitali. Tunasema achunguzwe kabla hajaumwa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilitaje. Kaskazini mwa Msumbiji kichocho ni ugonjwa tuliouzoea. Watoto wengi hukojoa damu, na wapo wanaodhani ni sehemu ya kukua. Mazoea hayo humfanya mzee anayeona damu kwenye mkojo aseme, ni kichocho tu, nilikuwa nacho tangu utotoni. Ndugu zangu, damu kwenye mkojo wa mzee si jambo la kupuuzwa hata kidogo. Inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa kibofu, na kichocho chenyewe kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Atakayejua ni daktari aliyepima.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYWA

Wazee wengi wakisikia kupima tezi dume hufikiria kidole, na hapo mazungumzo huishia. Ukweli ni kwamba uchunguzi huanza kwa maswali, kisha damu inayotolewa mkononi. Kipimo hicho cha damu huitwa PSA, kwa jina la protini inayotengenezwa na tezi. Hapo hakuna uchi unaofunuliwa. Kipimo cha kidole hufuata pale daktari anapokihitaji: huvaa glovu yenye mafuta, huigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa ili ajue kama ni laini au ina uvimbe mgumu, na jambo lote huchukua muda usiofika dakika moja.

Inafaa tuwe wakweli kuhusu PSA, maana ahadi ya uongo huharibu imani ya wazee. Kiwango kilicho chini ya 4 huhesabiwa na wengi kuwa cha kawaida, lakini huo si mpaka wa uhakika. PSA hupanda kwa saratani, hupanda pia kwa tezi iliyokua kwa umri, kwa maambukizi, na hata kwa tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla ya kipimo. Kati ya wanaume wanne wenye kiwango cha baina ya 4 na 10, watatu hivi hawana saratani. Kwa hiyo PSA ikipanda, maana yake ni kwamba kuna la kuchunguza zaidi, kwa kurudia kipimo, kwa picha, au kwa kuchukua kinyama kidogo cha tezi na kukipima. Vilevile zipo saratani za tezi dume zinazokwenda polepole mno, ambazo daktari huzifuatilia tu bila kumpasua mtu.

Je, mtu aanze lini? Mwenye dalili aende sasa, umri wowote. Kwa asiye na dalili, Shirika la Saratani la Marekani linashauri azungumze na daktari kuhusu kipimo akifika miaka 50, na iwe miaka 45 kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika na kwa yule ambaye baba yake au ndugu yake alipata saratani hii kabla ya miaka 65. Kipimo kikiwa chini ya 2.5 hurudiwa baada ya miaka miwili, na kikizidi hapo hurudiwa kila mwaka. Kwa mzee aliyevuka miaka 70 asiye na dalili, faida ya kupima hupungua, na uamuzi hutegemea afya yake kwa jumla. Huyo aulize daktari wake.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuwahi, nayo ni umbali. Tiba ya mionzi kwa Msumbiji ipo Maputo, mwisho kabisa wa nchi upande wa kusini. Ng'ambo ya Ruvuma, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo Dar es Salaam. Mtu wa Palma, Quionga au Mocímboa da Praia akichelewa, ugonjwa wake humtangulia njiani. Akiwahi, huenda vidonge vya kulegeza tezi vikamtosha hapahapa kwetu, au upasuaji mmoja ukamaliza tabu.

Tuna mfano wa jirani. Mwezi Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani. Aliporudi nyumbani aliwaambia wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, na akawahimiza wanaume wapime. Mzee Nelson Mandela naye alitibiwa saratani hii kwa mionzi mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akaishi mpaka mwaka 2013. Utasema, hao ni wakubwa wenye uwezo. Ni kweli. Lakini kilichomkosesha babu yangu tiba ya mapema hakikuwa fedha. Alikaa miaka mitatu bila kumwambia hata mkewe.

SHERIA INASEMAJE KUHUSU KUJITIBU?

Wapo wazee wanaosema: ajali yangu imeshaandikwa, hospitali itabadili nini? Jibu alilitoa Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni. Aliporudi nyuma, Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Allah na kwenda katika kadari ya Allah. Kisa hiki kimo katika Sahihi al-Bukhari. Ugonjwa ni kadari na dawa ni kadari. Katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha mabedui waliomuuliza wajitibu, akaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Angalieni hapo: uzee wenyewe hauna dawa, lakini maradhi ya mzee yanayo. Sisi tulivichanganya viwili hivyo. Mkojo unaodondoka tuliuita uzee, tukaufungia mlango wa tiba.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kujitibu kwa asili ni sunna. Lakini wanazuoni wa zama hizi wamelifafanua zaidi. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Mei 1992, ilipitisha azimio namba 67 kwamba kujitibu huwa wajibu pale ambapo kuacha kutampelekea mtu kufa, kupoteza kiungo au kulemaa. Na Surat al-Baqara, aya ya 195, inatukataza tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu. Mzee ambaye mkojo umemfunga, akakataa kupelekwa hospitali kwa haya, hafanyi ucha Mungu.

UCHI, FUNGA NA UDHU

Haya ni katika imani, na hakuna anayetaka kuwavua wazee wetu haya yao. Kanuni tunayoisoma darasani ni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kanuni ya pili huifunga ya kwanza: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Maana yake hapa ni kwamba daktari hufunua kinachohitajika tu na kwa muda unaohitajika tu. Mzee ana haki ya kuomba shuka na kuomba mlango ufungwe. Atangulizwe mwanamume. Kama hayupo, mwanamke tabibu anaruhusiwa kwa haja. Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) amesimulia, na riwaya imo katika al-Bukhari, kwamba wao wanawake walitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.) wakiwanywesha maji watu na kuwatibu majeruhi.

Kutoa damu ya PSA hakufunguzi mtu aliyefunga. Kipimo cha kidole ni tofauti: kwa Mashafi kinachoingizwa katika njia ya haja kubwa hubatilisha funga, basi kipangwe usiku au nje ya Ramadhani pale ambapo hakuna dharura. Na baada ya kipimo hicho mzee atatia udhu upya. Hahitaji josho.

HUKUMU AMBAYO BABU HAKUIPATA

Nilikuwa mwaka wa pili tulipofika mlango wa mwenye kutokwa na mkojo bila kukoma, ambaye mafakihi humwita salisi. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika. Hukumu yake ni hii. Mtu huyo husubiri wakati wa swala uingie. Hujiosha sehemu yake, huweka pamba au kitambaa safi na kufunga vizuri, hutia udhu mara moja, kisha huswali bila kuchelewa. Kuchelewa kwa jambo la swala yenyewe, kama kusubiri jamaa, hakumdhuru. Kinachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Udhu mmoja humtosha fardhi moja, na sunna kiasi apendacho. Kama mkojo wake huwa na kipindi unakoma kinachotosha udhu na swala, basi aswali katika kipindi hicho. Mwenye mpira wa mkojo hufuata njia hiyohiyo, na akiweza humwaga mkojo ulio kwenye mfuko kabla ya kuswali.

Kuna pia asiye salisi, ambaye hudondoka matone machache tu baada ya kukojoa. Huyo asifanye haraka. Akohoe, atembee hatua chache, asubiri matone yaishe, ndipo astanji na kutia udhu. Akishamaliza asijipekue tena, maana hapo wasiwasi huingia.

Na hadithi ya makaburi mawili? Inamhusu aliyepuuza kujitwahirisha akiwa na uwezo. Haimhusu mgonjwa anayejitahidi kisha akashindwa kuuzuia mwili wake. Surat al-Hajj, aya ya 78, inatuambia kwamba Allah hakutuwekea uzito katika dini.

Kisha mwalimu akasoma sentensi moja kutoka katika Minhaj ya Imam Nawawi: kwamba kauli yenye nguvu zaidi ni kusihi kwa swala ya mzima anayemfuata salisi. Yaani babu angeweza hata kuendelea kuswalisha. Niliacha kuandika. Nilikumbuka ule mkeka wake karibu na mlango, na wanaume wote wa mtaa wetu waliompita wakienda mbele kila siku kwa miaka, wengine wakiwa wamesoma kuliko yeye, na hakuna aliyemuuliza. Mimi pia nilimpita.

WAJIBU WETU LIKIZO HII

Ndugu zangu, sisi ndio tuliopelekwa kusoma. Wazee wetu wamepitia vita na ukimbizi, wengine ndio kwanza wamerudi kwenye nyumba zao, na mwili wao ni jambo la mwisho wanalolifikiria. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, zungumza na mzee wako faraghani. Wa kiume aanze na baba au babu. Wa kike anaweza kupitia kwa mama, kaka au mjomba. Usianze na neno saratani. Anza na usingizi: “Baba, usiku unaamka mara ngapi?” Au anza na swala: “Baba, mbona siku hizi huendi msikitini?” Kisha nyamaza, umsikilize.

Pili, fuatana naye hospitali. Wewe unajua Kireno cha daktari, yeye pengine hajui. Mzee huona haya kueleza shida yake mbele ya mkalimani asiyemjua. Ukiwa pale, simama upande wa kichwa na umwachie sitara yake.

Tatu, tuwaombe masheikh na walimu wa madrasa wazungumzie hukumu ya salisi katika darsa za msikitini, hata mara moja kwa mwaka. Mzee atakayeisikia hatajulikana ni nani, lakini atarudi safu ya mbele.

Nne, tuiandike historia ya familia. Babu aliugua nini? Mjomba je? Daktari ataiuliza, na jibu lake ndilo linaloamua uanze kupima ukiwa na miaka mingapi.

Baba yangu ana miaka 56. Likizo iliyopita tulikwenda pamoja kupima PSA. Njia nzima alizungumza habari za bei ya samaki. Majibu yalikuwa mazuri, alhamdulillah, na ameambiwa arudi. Tulipotoka alisema sentensi moja tu: “Laiti tungemleta babu yako.”

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARSA

1. Kuna tofauti gani kati ya haya iliyosifiwa katika dini na aibu inayomzuia mtu kujitibu?
2. Ni lini kujitibu huwa sunna, na ni lini huwa wajibu? Toa mfano wa tezi dume kwa kila hali.
3. Mzee mwenye mpira wa mkojo anataka kuhudhuria Ijumaa. Mweleze hatua kwa hatua atakavyojitwahirisha.
4. Msikiti wa mtaani kwenu una nafasi gani kwa mzee anayehitaji choo mara kwa mara?

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa watoto wema kwa wazazi wetu wakiwa bado wapo. Amin.